Mwenzi wako Mthai akifa, utabaki kwenye nyumba? Wosia, usufrakti, haki ya makazi, haki ya jengo, kukodi miaka 30 au kondo

Watu wetu waliooa au kuolewa Thailand siku hizi wapo, kuna Wakenya na Waganda wanaofundisha Kiingereza shule za mikoani, kuna wa biashara ya vito wanaozunguka Bangkok na Chanthaburi, na stori zinafanana sana: kiwanja kimenunuliwa, nyumba imesimama, hela imetoka kwa wote wawili, ila hati ina jina moja tu na jina lenyewe ni la Mthai. Mgeni hawezi kumiliki ardhi kule. Kwa Mtanzania hilo sio jipya, Sheria yetu ya Ardhi ya 1999 nayo haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, na Kenya katiba ya 2010 inamwishia mgeni kwenye kukodi miaka 99. Thailand kukodi kunaishia 30.

Mkiwa wazima wote hakuna anayeliwaza. Baada ya mazishi ndio nyumba uliyolala ndani yake miaka yote inageuka mali ya mirathi, na wanaokaa kikao kuijadili ni mama mkwe na mashemeji, wewe umefiwa, lugha yenyewe ya makaratasi huisomi. Mtu asifikishwe hapo wakati dawa ipo na inasajiliwa mkiwa hai. Tatizo dawa ziko kadhaa na kila wakili anasifia ile anayoijua, kwa hiyo nimeziweka pamoja.

Vigezo

Kila njia nimeiuliza maswali yale yale. Mwenzi akifa, haki yako inabaki, na inamfunga mrithi na mtu atakayekuja kununua? Inadumu muda gani? Gharama na usumbufu wa kuiandikisha ukoje? Unaweza kupangisha, au kuwaachia watoto? Ufa wake uko wapi? Halafu mwisho, inamfaa nani.

Ile ya kufungua kampuni ya Kithai yenye wanahisa wa majina ya kuazima siiweki kwenye mizani kabisa. Bado kuna mawakala wanaiuza, lakini ni kosa kisheria, kwako wewe na kwa Mthai aliyekuazima jina pia.

Cheki haya kwanza

Ndoa. Sheria ya Thailand inakuhesabu mke au mume kama ndoa imesajiliwa amphoe, yaani ofisi ya wilaya (Bangkok wanaita khet). Sherehe ya kijijini na watawa, uzi mweupe mkononi, mahari ya sinsod imepangwa mbele ya wazee, yote ni heshima kubwa lakini haikufanyi mrithi. Kama mlifunga ndoa ya kisheria nje ya nchi, ipelekeni amphoe ikaandikwe mapema, usisubiri kuanza kutafuta vyeti na tafsiri ukiwa kwenye msiba.

Hati. Omba uione, usiridhike na kuambiwa ipo. Hati kamili inaitwa chanote, ile yenye garuda nyekundu juu, yule ndege wa nembo ya taifa lao. Igeuze nyuma. Kule nyuma kuna jedwali la kila kilichosajiliwa juu ya kiwanja hicho: tarehe, aina ya muamala, nani ametoa, nani amepokea, sahihi ya afisa na muhuri. Rehani ya benki utaikuta pale, na haki yako yoyote nayo inatakiwa ikae pale. Isipokaa pale una makubaliano ya nyumbani tu, mrithi anaweza kukuambia hayamhusu na sheria ikamsikiliza.

Ukishaishika hati angalia na jina. Sehemu nyingi, hasa Isan, yaani mikoa ya kaskazini-mashariki, kiwanja mlichojenga bado ni cha mama mkwe, sasa hapo mumeo au mkeo hana cha kukupa, mwenye kusaini ni mama. Na kama karatasi ni Sor Por Kor, ile ardhi ya mageuzi ya kilimo, simama hapo hapo, hiyo wanapewa wakulima wao kwa masharti na mgeni hana njia ndani yake. Kukiwa na rehani, haki utakayosajili baada ya rehani bila ridhaa ya benki inaweza kufutwa siku benki ikiuza nyumba.

Wosia na mirathi

Wengi wanaanzia hapa na wengi wanaishia hapa, na naelewa kwa nini, ni rahisi. Thailand mtu yuko huru kumwachia mali anayemtaka. Wosia wa kawaida unaandikwa, unawekwa tarehe, anasaini mbele ya mashahidi wawili waliopo kwa wakati mmoja na wao wanasaini. Upo wa kuandika wote kwa mkono wake, na upo wa kwenda amphoe afisa akauandika mbele ya mashahidi wawili, mimi huo wa amphoe naupendelea kwa sababu ni kazi mtu kuja kusema umeghushiwa. Anayerithi asiwe shahidi, wala asiwe mume au mke wa shahidi, wengi wanapotezea hapo.

Akifa: ardhi haiingii jina lako kwa sababu ya wosia. Kama mrithi wa sheria, kifungu cha 93 cha Sheria yao ya Ardhi kinasema waziri anaweza kuruhusu, ila kwa vitendo usiitegemee ruhusa hiyo, kinachotokea ni kupewa muda wa kuuza, sio chini ya siku 180 na sio zaidi ya mwaka, ukishindwa idara ya ardhi ina mamlaka ya kuiuza yenyewe. Hela ni yako. Nyumba ndio huna.

Na hela yenyewe kiasi gani? Tuseme hakuna wosia, mwenzi ameacha watoto wawili na mama yake yuko hai. Kwanza inatolewa nusu yako ya mali ya ndoa, sin somros, ila kiwanja mara nyingi hakimo humo, maana wakati wa kununua ulisaini pale ofisi ya ardhi tamko kwamba hela ni ya Mthai binafsi. Kwa hiyo kiwanja chote ni mirathi na kinagawanywa kwa nne: wewe fungu moja, kila mtoto moja, mama mkwe moja. Bila watoto, wewe nusu na wazazi wake nusu. Watu wanashangaa kusikia mama mkwe anaingia hata watoto wakiwepo, lakini ndivyo ilivyo.

Muda: hakuna cha kuhesabu, ni hadi mali igawanywe. Gharama: ndogo kuandika, kubwa baadaye, kwa sababu ofisi ya ardhi na benki zitataka amri ya mahakama ya kuteua msimamizi wa mirathi. Wosia ukutaje wewe kuwa msimamizi, mgeni anaruhusiwa, inakupa usukani badala ya kusubiri shemeji. Watoto: ndio nguvu yake, mtoto mwenye uraia wa Thailand anarithi ardhi kama Mthai mwingine yeyote.

Ufa: mwenzi anaweza kuufuta wosia siku yoyote na asikuambie. Na mtoto akiwa chini ya miaka 20 wewe ndio mzazi msimamizi, ila kuuza ardhi yake, kuiweka rehani, hata kujiandikia wewe haki ya usufrakti juu yake (haki ya kukaa na kuitumia, naieleza hapa chini), lazima mahakama iruhusu (kifungu cha 1574 cha Kanuni ya Madai na Biashara). Kitu ambacho mwenzi angekimaliza asubuhi moja kwa sahihi yake kinakuwa kesi. Inamfaa mwenye watoto, na inafaa kama nyongeza ya njia zingine zote hapa chini.

Usufrakti

Ukifika dirishani pale ofisi ya ardhi sema sitthi kep kin. Ni haki ya kukaa, kuisimamia mali na kuchukua mazao yake, iwe mpunga, maembe au kodi ya vyumba vya nyuma.

Akifa mwenye hati: inabaki. Mrithi anachukua hati ikiwa na jina lako nyuma yake, akiuza mnunuzi naye anakukuta ndani. Muda: maisha yako yote, au miaka maalum isiyozidi 30, na mjane wa miaka 40 achague maisha, asijifunge kwa 30 akaja kutolewa akiwa na 70. Gharama: ikitolewa bila malipo ada ni ndogo sana, usumbufu uko kwa maafisa, ofisi nyingine za ardhi hazitaki kuandikisha mke na mume, ofisi ya mkoa mwingine inapokea bila maneno, kwa hiyo ulizia kwanza ofisi inayohusika na kiwanja chenu kabla hujamlipa wakili. Kupangisha: unaruhusiwa. Kurithisha: hapana, siku unayokufa nayo inakufa, watoto watashika kwa njia ya hati na sio kwa njia yako.

Ufa: matunzo ya kawaida, kodi za mali na gharama za kuisimamia ni zako, na ukiharibu mali mwenye hati ana haki ya kulalamika. Halafu nyumba haiwi yako, ni matumizi tu, hata kama kila tofali lilitoka kwenye mshahara wako. Inamfaa anayetaka kuishi pale mpaka mwisho na labda apate kipato kidogo, pia wale ambao hawajasajili ndoa, maana haki hii haiulizi cheti cha ndoa.

Haki ya makazi

Dirishani ni sitthi asai. Hii ni ya nyumba tu na ya kukaa tu, bila kulipa kodi ya pango.

Akifa: inabaki vile vile. Muda: maisha au hadi miaka 30. Gharama: ndogo. Kupangisha: hapana. Kurithisha au kumpa mtu: hapana. Familia yako inaruhusiwa kukaa na wewe isipokuwa mkataba umesema wazi ni wewe peke yako, kwa hiyo soma sentensi hiyo vizuri na tafsiri pembeni. Ufa: mwenye nyumba halazimiki kuikarabati, bati likitoboka ni lako.

Sasa kwa nini mtu achague iliyo ndogo hivi? Kwa sababu ya ndugu. Mama mkwe ambaye hataki kusikia mgeni anashika shamba lake lote anaweza kusaini kwa moyo mweupe kwamba mkwe akae kwenye nyumba mpaka afe. Nyumba ikiwa katikati ya kiwanja cha ukoo, bibi huku, shemeji kule, hii ndio yenye nafasi ya kukubaliwa, na iliyosajiliwa kidogo inakulinda kuliko kubwa iliyokataliwa.

Haki ya jengo

Sitthi nuea phuen din: ardhi ni ya mwingine, jengo juu yake ni lako. Mgeni anaruhusiwa kumiliki jengo Thailand, kinachomshinda ni ardhi. Bila haki kama hii sheria inaiona nyumba kuwa sehemu ya kiwanja, inamfuata mwenye kiwanja.

Akifa: inabaki, mradi iliandikwa vizuri, na hapa naomba usikilize. Sheria inaruhusu haki hii ifungwe kwenye miaka isiyozidi 30, au kwenye maisha yako, au kwenye maisha ya mwenye ardhi. Ikiandikwa kwenye maisha ya mwenye ardhi, siku mwenzi akifa na haki imekufa, yaani umejilinda mpaka pale pale ulipokuwa unahitaji ulinzi. Afisa anajaza fomu ya Kithai haraka haraka, mwambie mkalimani akusomee mstari huo kwa sauti. Muda: kama nilivyosema. Gharama: kuisajili sio ghali, kazi ni ushahidi kwamba jengo ni lako, kibali cha ujenzi kiwe kwa jina lako, mkataba wa fundi na risiti viwe vyako. Nyumba ikiwa tayari imesimama kwa jina la mwenzi inabidi ihamishwe ofisi ya ardhi na tangazo linabandikwa siku 30 kusubiri pingamizi. Kile kitabu cha nyumba, tabien baan, cha bluu au cha njano, ni cha makazi tu, hakithibitishi mwenye nyumba.

Kurithisha: ndio, hii inarithika kama mkataba haujakataza, ndio utofauti wake mkubwa na usufrakti. Kupangisha: nyumba ni yako. Ufa: muda ukiisha unaondoa jengo na kurudisha ardhi ilivyokuwa, mwenye ardhi akitaka kulinunua kwa bei ya soko huwezi kumkatalia bila sababu ya maana. Nyumba ikiungua haki ya kujenga tena ipo, haiondoki na jengo. Inamfaa aliyejenga kwa hela zake na ana vielelezo, na anayetaka kitu cha kuwaachia watoto hata kama sio raia wa Thailand.

Kukodi miaka 30

Akifa mwenye ardhi: mkataba unaendelea kwa warithi na kwa mnunuzi. Muda: mwisho 30, ukizidi mitatu lazima usajiliwe, bila kusajiliwa unashika miaka mitatu tu. Zile ahadi za 30 na 30 na 30 nyingine msizinunue, sehemu ya pili ni ahadi ya mtu, huyo mtu akishakufa huna wa kumdai kwa uhakika. Gharama: hapa ndio panauma, asilimia 1 ya kodi yote ya pango ya mkataba kwa usajili na asilimia 0.1 ya stempu, na kodi ya pango ni kipato cha mwenzi kwa hiyo kodi ya mapato inamhusu. Kupangisha: mkataba ukiruhusu. Kurithisha: mahakama zao zinauona ukodi kuwa wa mtu binafsi, mpangaji akifa unaisha, kipengele cha warithi kiandikwe na wakili na bado usikiegemee kwa uzito wote. Inamfaa ambaye ofisi yao ya ardhi inakataa usufrakti, au anayetaka ionekane analipa, maana malipo yanaonyesha haukuwa msaada wa bure.

Kondo kwa jina lako

Kondo ni flati ndani ya jengo la ghorofa, na hapa unamiliki kweli. Sheria ya Kondo ya 1979 inawaachia wageni hadi asilimia 49 ya eneo la vyumba vyote vya jengo, mradi hela imeingia kutoka nje kwa fedha za kigeni na benki imekupa karatasi yake, itunze kama pasipoti.

Akifa: hakuna wa kukutoa, ila kama ilinunuliwa ndani ya ndoa, nusu ya thamani inaweza kuhesabiwa ya marehemu, ndugu wakadai. Muda: hauna mwisho. Gharama: kubwa kuliko zote, bei yenyewe, ada ya kuhamisha asilimia 2 ya thamani ya tathmini, na michango ya jengo kila mwaka. Kupangisha na kurithisha: vyote. Ufa: mjini na utalii ndiko ziliko, kijijini kwa wakwe hakuna kondo. Na ikiwa kwa jina la Mthai ukairithi huku huna sifa za mnunuzi mgeni, unatoa taarifa ndani ya siku 60 na kuuza ndani ya mwaka. Inamfaa mwenye akiba aliye mjini, au anayetaka pa kukimbilia kama nyumba ya kijijini ikiingia mgogoro.

Kifungu kinachogusa njia zote za kati

Kifungu cha 1469: makubaliano kati ya mke na mume yaliyofanywa ndani ya ndoa, yeyote kati yao anaweza kuyabatilisha wakati wowote wakiwa kwenye ndoa, au ndani ya mwaka mmoja baada ya ndoa kuvunjika, bila kumuumiza mtu wa tatu aliyeingia kwa nia njema. Maana yake usufrakti, makazi, jengo na kukodi vyote ukipewa na mwenzi wako vina huo ufa, na unaonekana zaidi kwenye talaka kuliko kwenye kifo. Kilichosajiliwa kabla ya ndoa hakimo kwenye kifungu hicho, kilichotolewa na mama mkwe hakimo pia kwa sababu yeye sio mwenzi wako. Ndio maana swali la jina la nani liko kwenye hati sio dogo.

Kwa hali yako

Hamjafunga ndoa ila mnajenga: sajilini usufrakti au haki ya jengo sasa, ndoa baadaye. Mko kwenye ndoa, watoto wadogo, kiwanja cha mwenzi: haki iliyosajiliwa ya maisha yako, pamoja na wosia wa amphoe unaowapa watoto ardhi na kukutaja wewe msimamizi, vyote viwili kwa sababu kimoja kinakupa pa kukaa na kingine kinazuia ardhi kugawanywa kwa watu wengi. Hakuna watoto na wakwe wako hai: usufrakti, kisha mwenzi aandike wosia kiwanja kiende kwa mtu mnayeelewana naye, mpwa wake mfano, maana huyo ndio atakuwa mwenye hati juu ya kichwa chako kwa miaka. Ardhi ni ya mama mkwe: anza na haki ya makazi, zungumza kwa heshima, mwenzi ndio aongee na mama yake. Umejenga kwa hela zako: haki ya jengo, kwa maisha yako. Kuna mkopo wa benki: ridhaa ya benki kwanza.

Viza nayo ipangwe, haki ya nyumba bila ruhusa ya kukaa nchini haikusaidii. Ukikaa kwa msingi wa ndoa, baht 400,000 benki au kipato cha 40,000 kwa mwezi, sababu hiyo inaisha mwenzi akifa. Aliyefika miaka 50 anaweza kuhamia ya wastaafu, 800,000 benki au 65,000 kwa mwezi, na mwenye mtoto Mthai anayemlea aulizie ya familia.

Na kama unasoma hii ukiwa tayari umefiwa, pole sana. Usisaini karatasi ya Kithai unayoletewa na ndugu kabla mkalimani wako mwenyewe hajaisoma, kwa sababu kukana mirathi kukishafanyika kisheria hakurudishwi. Nenda ofisi ya ardhi ukaombe nakala ya hati uone nyuma yake kuna nini, mtafute wakili wa kufungua ombi la msimamizi, na uhesabu siku, kesi ya mirathi inatakiwa ifunguliwe ndani ya mwaka mmoja tangu kifo au tangu ulipokijua.